Kipuri cha leza hakikamiliki bila kukerezwa

KIPURI cha metali kinapotolewa katika mashine ya kuchapisha kwa leza, huonekana kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi iliyosalia ndiyo itakayoamua iwapo kitafungwa kwenye injini ya ndege au kitatupwa.

Mashine hizo hujenga kitu tabaka kwa tabaka. Unga laini wa metali hutandazwa, kisha leza huuyeyusha mahali panapohitajika na kuuganisha na tabaka la chini. Aghalabu, kila tabaka huwa na unene wa kati ya mikroni 20 na 60.

Faida zake ni kubwa. Kampuni ya GE ya Marekani ilitumia mbinu hii kuunda pua za kunyunyizia mafuta katika injini za LEAP, zilizoanza kusafirisha abiria mwaka wa 2016. Kifaa kilichohitaji takriban vipande 20 vilivyounganishwa kilichapishwa kama kipande kimoja, na uzito wake ukapungua kwa asilimia 25.

Hata hivyo, uso wa kipuri kama hicho hutoka ukiwa na chembechembe za unga zilizogandamana nao. Mahali pa kupitisha bolti, pa kukatia hesi au pa kukutania na kipuri kingine pasipolainishwa, mafuta yatavuja na viungo vitalegea. Isitoshe, vijishimo vya usoni ndivyo chimbuko la nyufa kipuri kinapotikiswa mara mamilioni.

Kabla ya kukereza, sharti hatari nyingine iondolewe. Metali iliyoyeyushwa na leza hupoa kwa kufumba na kufumbua, na kila tabaka linaponywea huvuta lililo chini yake. Mkazo huo hujificha ndani. Kipuri kikibanduliwa mapema kutoka kwenye sahani kilipojengewa, chaweza kupinda mfano wa ubao mbichi ulioanikwa juani.

Kwa sababu hiyo, kipuri na sahani yake hutiwa pamoja katika tanuri lisilo na hewa au lenye gesi ya argoni. Baada ya hapo ndipo hukatwa kwa msumeno au kwa waya wenye umeme, na nguzo zilizokishikilia wakati wa kuchapishwa zikaondolewa.

Vipuri vya kazi nzito hupitia hatua ya ziada. Vile vya titani hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi huku vikibanwa na gesi yenye shinikizo la takriban mara 1,000 ya hewa ya kawaida, ili vitundu vya ndani vifungike. Hatua hii ikirukwa, huenda fundi akakereza uso na kufichua vitundu vilivyokuwa vimefunikwa.

Kukereza kwenyewe kuna ugumu wake. Umbo lenye mapindo mengi halishikiki vyema katika jiliwa, na kuta nyembamba hutetemeka zikiguswa na kisu. Titani nayo haipitishi joto upesi, hivyo joto hubakia kwenye makali ya kisu na kuyala. Fundi hulazimika kupunguza kasi na kumwagia maji ya kupoza kwa wingi.

Matatizo haya hutatuliwa kipuri kingali mchoro. Mhandisi huongeza nyama ya nusu milimita hadi milimita moja au zaidi mahali patakapokerezwa, na huweka masikio ya kushikia ambayo hukatwa mwishoni. Akisahau, fundi hatakuwa na cha kupunguza, na kipuri kizima kitakuwa hasara.

Lakini si kila uso hulainishwa. Nchini Italia, vikombe vya titani vya kiungo cha nyonga, vilivyochapishwa kwa miale ya elektroni, vilianza kuwekewa wagonjwa mwaka wa 2007. Nje huachwa na vinyweleo ili mfupa uote ndani yake na kukishika kikombe. Ndani hukerezwa kwa usahihi, kwa kuwa ndipo panapokaa kitako cha kiungo bandia.

Kwa hivyo mashine ya kuchapisha haijamwondoa mkerezaji kazini. Imemletea kitu chenye thamani kubwa zaidi, ambacho kosa dogo la mwisho hulipiwa kwa gharama ya kazi yote iliyotangulia.