Vivuli vya Alfu Lela Ulela

Wengi wetu twazijua hekaya za Alfu Lela Ulela, lakini si wengi waliopata kuziona zikisimuliwa pasipo sauti ya msimulizi. Bibi Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899, alifanya hivyo katika sinema ya Mwana wa Mfalme Achmed, iliyoonyeshwa mjini humo mwezi wa Mei 1926. Kazi aliianza mwaka 1923 huko Potsdam, katika chumba kilichokuwa juu ya banda la motokaa la tajiri wa benki, Louis Hagen, ambaye ndiye aliyetoa gharama.

Namna ya kazi yenyewe yastahili kuelezwa. Kila mtu na kila mnyama alikatwa kwa mkasi katika karatasi nyeusi na risasi iliyofuliwa nyembamba, viungo vikafungwa kwa waya. Sanamu ililazwa juu ya meza ya kioo, taa chini, kamera juu. Mkono ukasogezwa kidogo, picha ikapigwa. Ukasogezwa tena, ikapigwa nyingine. Miaka mitatu ilipita hivyo, kwa hekaya itazamwayo kwa saa moja na dakika chache. Pari Banu aonapo kwamba vazi lake la manyoya limeibwa, uso wake ni mweusi mtupu. Lakini shingo na vidole vyatosha kutuonyesha hofu yake. Ndivyo afanyavyo msimulizi hodari: mengi humwachia msikilizaji.

Visa vikuu vilivyoshonwa pamoja ni vitatu: farasi arukaye, Ahmed na Pari Banu, na Aladini na taa yake. Vyote vitatu Mfaransa Antoine Galland alivisikia Paris mwaka 1709, kinywani mwa kijana Mmaroni wa Aleppo, jina lake Hanna Diyab. Jina hilo Galland aliliandika katika shajara yake, wala hakulitaja katika vitabu alivyopiga chapa. Diyab naye aliandika habari za safari zake katika uzee wake, na hati hiyo imo katika Maktaba ya Vatikano. Lakini karne ya 20 ilikuwa karibu kwisha ndipo wataalamu walipotambua kuwa ni yake. Basi watazamaji wa 1926 waliisifu hekaya, na aliyeisimulia hawakumjua.

Jambo moja lanikwaza. Aliyemleta farasi, katika kitabu cha Galland, ni Mhindi. Katika hati za Kiarabu ni mwenye hekima wa Kiajemi. Sinema imemwondoa, na mahali pake imemtia mchawi wa Afrika, yule mtu wa Maghribi atokaye katika kisa cha Aladini. Hivyo uovu wa visa viwili umetwikwa mtu mmoja, naye ni Mwafrika. Hata visiwa vya Wakwak, makao ya mashetani katika sinema hii, al-Masudi wa karne ya 10 alivitaja pamoja na Sofala, mwisho wa nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi wake sinema hii asilipite jambo hilo kimya.

Filamu ya asili ilipotea Berlin katika vita. Iliyotengenezwa upya mwaka 1999 ilitokana na nakala iliyohifadhiwa Uingereza, nayo ina rangi zake za kwanza nyuma ya vivuli, na muziki alioutunga Wolfgang Zeller.