Dau kabla ya ngumi

Msomaji wa Bunia hahitaji kuelezwa PDG ni nani. Ndiye mwenye shimo huko Mongbwalu au Nizi: huwalisha wachimbaji mpaka mawe yatoe kitu, na dhahabu ikionekana hesabu huanzia kwake. Ngumi kavu (bila glavu) za Uingereza katika karne ya 18 na ya 19 zilikwenda kwa utaratibu uleule. Tajiri alimlisha mpiganaji, akamlipia mazoezi, akaweka dau, kisha akavuna au akapoteza. Kwa hiyo historia ya mchezo ule naiona kuwa historia ya vibarua kuliko ya mashujaa. Jack Broughton alikuwa mvusha watu kwa mashua mtoni Thames, Jack Slack mchinja nyama, Tom Cribb mbeba makaa, Tom Sayers mwashi. Walikuwa watu wa misuli, na misuli ndiyo waliyoiuza.

Wapo watakaosema kwamba watu wamepigana kwa hasira na heshima tangu zamani, na kwamba fedha zilikuja baadaye. Ugomvi wa mtaani ni kweli ni wa zamani, lakini haukuhitaji kanuni. Kanuni za Broughton za mwaka 1743 zilikataza kumpiga aliyeanguka, zikampa nusu dakika arudi katikati ya jukwaa, zikaweka waamuzi wa kukata mabishano. Na papo hapo zikaagiza mshindi apate theluthi mbili za fedha, zigawanywe hadharani. Mwenye hasira hajali mgawo. Aliyeujali ni yule aliyeweka fedha, na mwaka 1750, Slack alipompiga Broughton hadi asione, mdhamini wa Broughton, Duke wa Cumberland, alipoteza dau kubwa. Ukumbi wa Broughton haukudumu baada ya hapo.

Serikali ilipiga marufuku mapigano hayo bila kuyazuia. Tom Molineaux, Mwafrika wa Marekani aliyefunzwa na Bill Richmond, naye mzaliwa wa utumwani, alipigana na Cribb Desemba 1810, kisha Septemba 1811 pale Thistleton Gap, karibu na mahali majimbo matatu yanapokutana: hakimu akitokea upande huu, umati unahamia ule. (Watu wa Mahagi na Aru hawatahitaji kufafanuliwa faida ya mpaka.) Richmond na Cribb walipata kuendesha baa. Molineaux alifia Ireland mwaka 1818, hana kitu. Ukitaka kusema kwamba ngumi zilimwinua mtu mweusi, mtaje Richmond, lakini usimwache Molineaux nyuma.

Hoja nzito zaidi ni ya glavu: kwamba kanuni za Queensberry za mwaka 1867, zilizoagiza glavu, zilileta huruma. Sikubali moja kwa moja. Mkono mtupu huvunjika ukigonga fuvu, hivyo wapiganaji wa zamani walilenga mwili sana. Glavu ilikinga vidole, na kichwa kikapokea makonde mengi zaidi. Kanuni hizo pia ziliwapa waandaaji raundi zenye muda maalum, na ukumbi wa ndani ambako tiketi huuzwa mlangoni. Kule porini pigano lingeweza kuvutwa raundi 75, kama la John L. Sullivan na Jake Kilrain huko Mississippi, Julai 1889, lililochukua zaidi ya saa mbili juani. Biashara haingeweza kupanga ratiba kwa mtindo huo.

Na tajiri hakuondoka na ngumi kavu. Alibadilika tu kutoka Duke wa Kiingereza hadi Mobutu, ambaye serikali yake ilikubali Muhammad Ali na George Foreman walipwe dola milioni 5 kila mmoja kwa pigano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. Ali alimwangusha mwenzake raundi ya nane. Pigano lilianza kama saa kumi alfajiri, kwa kuwa watazamaji waliolengwa na televisheni walikuwa Marekani, na huko ilikuwa bado mapema usiku.