Mtoto ni wa Nani? Malengo ya Malezi ya Awali Katika Fizi Tangu 1880

Historia ya elimu ya watoto wadogo katika Fizi na Baraka aghalabu huanzishwa na shule za enzi ya Ubelgiji. Makala haya yanarudi nyuma zaidi. Yanadai kwamba swali la msingi la elimu hiyo liliulizwa kabla ya Dola Huru ya Kongo kuundwa mwaka 1885: je, mtoto afunzwe akiwa ndani ya ukoo wake, au atolewe humo ili jamii mpya ijengwe juu yake?

Mwaka 1880 Mapadri Weupe waliweka kituo Mulweba, katika nchi ya Masanze, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 wakafungua Kibanga, waliyoiita Lavigerieville kwa heshima ya mwasisi wao, Kardinali Charles Lavigerie. Shughuli yao kuu huko ilikuwa nyumba za mayatima. Hata hivyo, wengi wa hao "mayatima" walikuwa watoto waliokombolewa kwa bidhaa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa.

Mfano ulitoka Algeria. Baada ya njaa ya 1867–68, Lavigerie aliwakusanya watoto waliofiwa, akawalea, akawaoza wao kwa wao na kuwaweka katika vijiji vya Kikristo. Imani iliyouongoza mpango huo ni ile ya methali yetu: samaki mkunje angali mbichi. Lakini Lavigerie aliongeza sharti: mtoto wa Kiafrika asigeuzwe Mzungu, bali abaki na chakula, mavazi na lugha ya Kiafrika. Kwa kuwa watoto walitoka makabila mengi, Kiswahili ndicho kilichoweza kuwaunganisha. Hivyo lugha ilihifadhiwa, ilhali ukoo ulikatwa.

Kwa Wabembe, kumfunza mtoto kulikuwa ni kumwonyesha mahali pake miongoni mwa jamaa zake. Mvulana alisikiliza wazee katika lubunga, yaani baraza la wanaume. Mafunzo ya maadili yalikomaa ukubwani katika Bwami, chama kilichofundisha kwa methali na vitu vyenye maana, hadi serikali ya kikoloni ilipokipiga marufuku mwaka 1948.

Mgongano wa mitazamo hiyo haukuwa wa nadharia tu. Ng'ambo ya ziwa, huko Rumonge, mapadri wawili na msaidizi wao waliuawa tarehe 4 Mei 1881 katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa kwao, ambaye wenyeji walimdai. Kila upande uliamini kwamba unamtetea mtoto huyo. Ukombozi wa upande mmoja ulikuwa unyang'anyi machoni pa upande wa pili.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaitambua shule ya maternelle, na inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Hiyo ni hatua njema, lakini Kibanga inatuonya kwamba lugha peke yake haimrudishi mtoto nyumbani. Shule inaweza kusema Kiswahili fasaha huku ikimfundisha mtoto kwamba kwao hakuna la kujifunza. Kwa hiyo, anayepanga malengo ya elimu ya awali Fizi hana budi kuuliza, mbali na lugha itakayotumika, ni nafasi gani wanayopewa wazazi na wazee katika kuamua mtoto afunzwe nini.