Kutoka Kukisia hadi Kuona: Historia ya Upigaji Picha wa Kopolima Bloku

Mwaka 1956, Michael Szwarc na wenzake mjini Syracuse, Marekani, walieleza namna ya kuunda polima ambayo mnyororo wake haujifungi wenyewe. Malighafi ya kwanza ikiisha, ya pili huongezwa, na mnyororo uleule huendelea kurefuka. Kwa njia hiyo kopolima bloku, yaani molekuli ndefu zenye vipande vya asili tofauti, ziliweza kutengenezwa kwa vipimo thabiti.

Aghalabu vipande hivyo havichangamani, mithili ya mafuta na maji. Lakini kwa kuwa vimefungamana kikemia, haviwezi kuachana. Hujipanga katika matufe, silinda au matabaka yenye upana wa takriban nanomita 10 hadi 100.

Biashara haikusubiri picha. Katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya Shell ilianza kuuza mpira wa polistirini na polibutadieni. Ndani yake, vitone vigumu vya polistirini hushikilia minyororo laini ya polibutadieni kama mafundo ya wavu. Ukipashwa moto, hulainika na kufinyangwa upya. Mpira wa aina hiyo uliingia katika soli za viatu, gundi na lami ya barabara.

Ili kuviona vitone hivyo, watafiti walitumia hadubini ya elektroni. Sampuli ilikatwa nyembamba mno, kisha ikatiwa tetroksidi ya osmiamu, kemikali yenye sumu kali inayoshikamana na polibutadieni. Sampuli ilionekana, lakini baada ya kubadilishwa.

Mwaka 1986, Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini ya nguvu za atomi. Hadubini ya ncha iliyoitangulia ilihitaji uso unaopitisha umeme, ilhali polima nyingi hazipitishi. Chombo kipya kilipapasa uso kwa ncha kali iliyo kwenye wenzo mwembamba. Hata hivyo, ncha iliyoburuzwa iliweza kukwaruza polima laini. Mbinu ya kugusagusa, iliyochapishwa mwaka 1993, ilipunguza madhara hayo: wenzo hutetemeshwa, na ncha hugusa uso kwa muda mfupi tu. Kuchelewa kwa mtetemo kulipopimwa, sehemu ngumu na laini zilitofautishwa bila kutiwa rangi.

Hata hivyo, picha hiyo si taswira ya kamera. Weusi na weupe wake hutokana na ugumu, unato na nishati inayopotea. Nguvu ya mgusano ikibadilishwa, palipokuwa peupe paweza kuwa peusi. Aidha, kipande chenye nishati ndogo ya uso huweza kufunika sehemu ya juu, na kuficha mpangilio wa ndani. Ndiyo maana matokeo hulinganishwa na yale ya mtawanyiko wa eksirei.

Kwa wapangaji wa sera, historia hii ina funzo bayana: kununua chombo bila kuandaa wataalamu wa kukifasiri ni kununua picha, si maarifa.