Mwamba wa Goma

Ukichimba choo na sururu ikazama, umebahatika. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, wakati huo Zaire, kwa siku chache tu. Wakapiga kambi juu ya mwamba wa volkano. Vyoo havikuchimbika, uchafu ukabaki juu ya ardhi. Wengi walichota maji Ziwa Kivu wakayanywa bila kuchemsha. Kuni zingetoka wapi? Kipindupindu kikaingia, kisha kuhara damu. Mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Maji yenye klorini yakaja kwa malori, lakini wengi walikuwa wameshazikwa.

Kwenu kukiwa na mwamba, msiridhike na shimo fupi. Waambieni mafundi wajenge choo cha kuinuliwa.