Mpira wa Kikapu wa Vyuo Vidogo (Marekani)

Mchezo wa wanaume wa daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambao ubingwa wake wa taifa ulianza kuwaniwa mwaka 1975, chuo cha LeMoyne-Owen cha Memphis kikatwaa taji la kwanza, huchezwa na wanafunzi wasiolipiwa karo kwa ajili ya mpira, na aghalabu mashabiki wao ni jamaa, wahitimu na majirani. Ni hadhira ndogo yenye ghera kubwa: huko Michigan, vyuo vya Hope na Calvin vinapokutana, ukumbi hufurika. Ajabu nazo si haba. Tarehe 20 Novemba 2012 Jack Taylor wa Grinnell, Iowa, alifunga pointi 138 katika mchezo mmoja, baada ya kulenga kikapu mara 108, hesabu inayochosha hata kuisoma.

Baina ya mashabiki ipo desturi ya kushindana kubashiri matokeo: kabla ya mpira kurushwa kila mmoja huandika mshindi na tofauti ya pointi, naye aliyekaribia zaidi hujipatia alama, ilhali aliyetanguliza mahaba ya chuo chake mbele ya akili huishia mkiani. Si kamari, kwani hakuna fedha iwekwayo. Kinachogombewa ni fahari, na ruhusa ya kumtania mwenzio hadi msimu ujao.