"Sanamu ya kuchonga": katazo na vitenzi vyake

Amri inayokataza sanamu ya kuchonga imo katika Kutoka 20:4. Sura tano mbele, katika 25:18, Mungu yuleyule anamwagiza Musa afue makerubi mawili ya dhahabu na kuyaweka kwenye ncha mbili za kiti cha rehema. Msomaji makini hushtuka hapo, na ana haki ya kushtuka. Mabishano mengi ya Wakatoliki na Waprotestanti kuhusu sanamu za kanisani huanzia papa hapa, kila upande umeshikilia aya yake.

Istilahi yenyewe inasaidia, ikichunguzwa. Kiebrania kinasema "pesel", neno lenye mzizi wa kuchonga. Wafasiri wa kale wa Kiyunani waliandika "eidolon", wakaielekea ibada ya uongo. Kilatini kikasema "sculptile", yaani kilichochongwa. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 nayo ilitaja kazi ya mikono. Ila mzizi huohuo wa Kiebrania unarudi katika Kutoka 34:1, Musa anapoamriwa achonge mbao mbili za mawe za kuandikiwa amri, na Kiswahili kimeutunza uhusiano huo kwa kitenzi kilekile: kuchonga. Basi kuchonga si kosa.

Je, kosa ni sanamu? Kwa Kiarabu "sanam" ni kitu kinachoabudiwa, kama vile vilivyokuwa Kaaba kabla ya Uislamu. Kiswahili kililipokea neno hili kikalipanua. Leo Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, ni sanamu, na hakuna anayeipigia magoti. Ndiyo maana Mswahili akiisoma aya ya 4 peke yake huona kila umbo limepigwa marufuku.

Aya haikukusudiwa kusomwa peke yake. Ya 5 inaleta vitenzi viwili, kusujudia na kutumikia, na mimi naamini uzito wa katazo umekaa humo. Kitenzi cha pili kina mzizi ambao Kiebrania kinashirikiana na Kiarabu, na ndio uliotupa "kuabudu" na "ibada".

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Musa anamtengeneza kwa agizo la Mungu. Aliyeumwa na nyoka akimtazama, anapona. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande, na kitabu kinamsifu. Shaba ilikuwa ileile na umbo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika kimetajwa katika aya yenyewe: watu walikuwa wakimfukizia uvumba, tena walikuwa wamempa jina, Nehushtani. Kitu kilichowekwa kitazamwe kilikuwa kimeanza kupokea ibada.

Maelezo haya hayamalizi kila swali. Kumbukumbu la Torati 4:15 inatoa sababu nyingine: pale Horebu watu hawakuona umbo lolote, basi wasimtungie Mungu umbo. Yohana wa Dameski, katika karne ya 8, alijibu kwamba Mungu asiyeonekana ametwaa mwili, na uso ulioonekana unaweza kuchorwa. Asiyelikubali jibu hilo ana hoja inayostahili kusikilizwa.

Mwaka 787 Mtaguso wa Nikea ulitenganisha "latreia", ibada ya Mungu peke yake, na "proskynesis" ya heshima inayotolewa kwa picha takatifu. Tafsiri ya Kilatini iliyowafikia wanateolojia wa Karolo Mkuu ilitumia "adoratio" pasipopaswa, wakadhani maaskofu wa Mashariki wameamuru picha ziabudiwe. Sinodi ya Frankfurt ya mwaka 794 ikakataa jambo ambalo Nikea haikulisema.

Kiswahili kina akiba ya kutosha kuepuka mkanganyiko huo. "Kuabudu" na "ibada" ziwe za Mungu tu. Kwa picha na sanamu takatifu tuseme "kuheshimu". "Kusujudu" kunahitaji uangalifu, kwani katika Mwanzo 23:7 Ibrahimu anafanya kwa Wahethi tendo ambalo Kiebrania hulitaja kwa kitenzi kilekile cha amri, na wafasiri wetu, kwa busara, wakaandika kwamba aliinama. Katika mafundisho, kile kilichokatazwa kiitwe "sanamu ya kuabudiwa". Neno "kinyago", ambalo baadhi ya wahubiri hulitumia, lingeachwa: linawabebesha wachongaji wa Kimakonde kosa ambalo Kutoka 34:1 halimpi mchongaji yeyote.